Mwanangu alichora nyumba nyeusi isiyo na mlango, sasa hataki tena kushika rangi

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mvulana wa miaka tisa na msichana wa miaka mitano. Ninaandika kwa ajili ya huyu mkubwa. Mwaka huu haukutuendea vizuri. Baba yao alipunguzwa kazini, tukalazimika kuhamia nyumba ndogo, na mtoto akabadilishwa shule katikati ya muhula. Mdogo ameyapokea yote haya bila shida. Mkubwa hapana. Asubuhi za siku za shule analalamika tumbo, anatafuna kucha mpaka vidole vinatoka damu, na mara kadhaa amekojoa kitandani, jambo ambalo alikwishaliacha zamani. Nimempeleka hospitali, wakampima, wakaniambia hawaoni ugonjwa, inaelekea ni msongo wa mawazo.

Nilisoma mahali kwamba kuchora huwasaidia watoto kutoa yaliyo moyoni. Nikanunua daftari kubwa la kuchorea na rangi nzuri, na kila jioni tukawa tunakaa mezani namwambia, "Chora unavyojisikia." Mwanzoni alichora. Nilipomuuliza hiki ni nini, huyu ni nani, mbona huyu analia, alinijibu kwa mkato. Siku moja akachora nyumba, akaijaza rangi nyeusi tupu, haina mlango wala dirisha. Nilishtuka. Nikaipiga picha nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp niwaulize dada zangu. Mmoja akasema rangi nyeusi ni dalili ya mtoto aliyekata tamaa, mwingine akasema mtoto anajiona amefungiwa. Mama yake mkubwa alipokuja kututembelea akamuuliza mbele ya watu, "Ile nyumba nyeusi ulikuwa na maana gani?" Mtoto hakujibu. Usiku ule alichana kurasa zote za daftari.

Tangu hapo hashiki rangi. Anasema, "Mimi sijui kuchora." Nimemwahidi kwamba kila akichora picha moja atapata nusu saa ya kucheza gemu kwenye simu yangu. Basi anachora mstari na duara, kisha ananyoosha mkono apewe simu. Baba yake anasema yote haya ni kupoteza muda, mtoto akazane na masomo maana ameachwa nyuma na wenzake wa shule mpya.

Ile nyumba ilimaanisha nini? Nimrudisheje kwenye kuchora? Na je, baba yake ana hoja?

Mama mwenye wasiwasi

*

Marahaba mama, na poleni nyote.

Kazi, nyumba na shule kuondoka kwa mpigo mmoja ni jambo zito kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka tisa, ambaye katika yote hayo hakuna aliyemuuliza lolote, ni zito zaidi. Umefanya la kwanza lililopaswa kufanywa, yaani kumpeleka akapimwe. Na kwa kuwa vipimo havikuonyesha ugonjwa, tafadhali usianze kudhani kwamba tumbo ni kisingizio cha kukwepa shule. Mtoto akiwa na hofu, mwili wake hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, misuli hukaza, na utumbo, ambao una mtandao wake mkubwa wa neva, hubadili mwendo wake. Anaumwa kweli. Akilalamika, mwambie unamwamini, mkande tumbo kidogo, kisha muendelee na maandalizi ya shule bila kugombana.

Sasa nyumba. Hakuna mtu, awe dada yako au mtaalamu aliyebobea, anayeweza kutazama picha moja ya mtoto akasema kwa hakika ina maana gani. Mchoro si eksirei. Mtoto anaweza kuchagua nyeusi kwa sababu ndiyo inayoonekana vizuri zaidi kwenye karatasi nyeupe, au ndiyo kalamu iliyokuwa karibu, au anachora usiku, au alianza kujaza na ule mwendo wa mkono ukamtuliza asitake kuacha. Mlango unaweza kuwa umesahaulika tu. Inawezekana pia kwamba alikuwa na huzuni siku ile. Wataalamu wanaotumia sanaa kuwasaidia watoto hutazama michoro mingi kwa muda mrefu, humsikiliza mtoto akiisimulia kwa maneno yake, na huulizia anavyolala, anavyokula na anavyocheza na wenzake. Hawatoi hukumu kwa picha moja iliyotumwa kwenye simu, na dada zako, pamoja na mapenzi yao yote, hawakupaswa kuitoa.

Kwa hiyo swali la maana ya nyumba ile naomba uliweke chini kabisa. Kilichomfunga mwanao ni kilichofuata baadaye. Alichora kitu mezani kwa mama yake, na baada ya siku chache akakikuta midomoni mwa watu wazima. Mtoto wa umri huo ameshaijua aibu vizuri. Alipochana daftari alikuwa anafunga mlango, na mimi ninamuelewa.

Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kumletea rangi yoyote. Tafuta wakati mko wawili, msitazamane uso kwa uso, labda mnatembea au mnakunja nguo, umwambie hivi: "Niliwatumia watu mchoro wako bila kukuuliza. Haikuwa sawa. Nimeufuta, na sitarudia." Kisha nyamaza. Usiongeze kwamba ulifanya hivyo kwa sababu ulikuwa na wasiwasi juu yake, maana ukisema hivyo utampa kazi ya kukufariji wewe. Ufute kweli kwenye kundi, na uwaombe dada zako wasiitaje nyumba ile tena hata kwa utani. Halafu mpe boksi au bahasha kubwa yenye jina lake, na iwe sheria ya nyumba nzima kwamba hakuna anayeifungua ila yeye. Akitaka kuonyesha ataonyesha. Akitaka kuchana achane. Karatasi ni zake.

Nije kwenye ile amri ya "chora unavyojisikia". Najua umeisoma mahali pengi, na nia yake ni njema, ila kwa mtoto mwenye msongo ni amri nzito. Unamtaka aingie palepale panapouma, kwa saa uliyopanga wewe, huku unamtazama. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Marekani, Jennifer Drake na Ellen Winner, walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wa miaka 6 hadi 12. Watoto walikumbuka jambo lililowasikitisha, kisha baadhi yao wakaambiwa walichore jambo lile, na wengine wakaambiwa wachore kitu kingine kisichohusiana nalo kabisa. Waliochora kitu kingine ndio waliochangamka zaidi. Mtoto aliyejisahau kwa muda ndani ya kazi ya mikono yake hakuikimbia huzuni. Amepata mahali pa kupumzikia ili aweze kuibeba.

Kuna mfano mmoja wa kihistoria ambao huwa naukumbuka wazazi wanaponiuliza jambo hili. Friedl Dicker-Brandeis, msanii wa Austria mwenye asili ya Kiyahudi, alipelekwa na Wanazi mwaka 1942 kwenye geto la Terezín, mji wa Cheki walimowafungia Wayahudi. Mle ndani, penye njaa na hofu ya kila siku, akawafundisha watoto sanaa mpaka alipopelekwa kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1944 na kuuawa huko. Kabla ya kuondoka aliacha masanduku mawili yenye michoro ya watoto ipatayo 4,500, na leo inatunzwa katika Makumbusho ya Kiyahudi mjini Prague. Wengi wa watoto wale waliuawa pia. Ukiitazama michoro yao utakuta maua, vipepeo, meza zilizoandaliwa, nyumba walizotoka. Mwalimu yule hakuwashinikiza wachore mateso. Aliwafundisha kutazama umbo, rangi na mwendo wa mstari, na aliwahimiza kuandika majina yao kwenye kazi zao. Shida yenu haifanani na ile, sitaki kuzilinganisha. Ninalotaka ulione ni kwamba mtoto akichora ua wakati mambo yamekwenda kombo, huo nao ni msaada kamili, na hakuna haja ya kumvuta arudi kwenye nyumba nyeusi.

Maneno yatakuja kwa wakati wake. Mara nyingi huja mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, katikati ya kubandika kitu: "Mama, kuna mtoto pale shuleni huwa ananiita jina baya." Likija, usirushe maswali kumi. Sema tu, "Linaniuma hilo, nieleze," na mikono yako iendelee na kazi.

Kuhusu simu, achana na yale malipo leo hii. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walifanya jaribio katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford na watoto waliokuwa wanapenda kuchora wenyewe. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri chenye utepe kama watachora. Baadaye, walipoachwa huru kuchagua mchezo, watoto wa kundi lile walichora kwa muda mfupi zaidi kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu, na pia kuliko wale waliopewa cheti kwa kushtukizwa. Ahadi ilikuwa imegeuza mchezo kuwa kibarua. Mwanao naye anakufanyia kibarua, na anakufanyia kwa bei ya chini kabisa, mstari na duara. Simu mpangie muda wake maalumu, awe amechora au hajachora.

Sasa, nini badala yake? Anaposema hajui kuchora, kwanza msikilize kwa uzito. Karibu na umri wa miaka tisa watoto wengi huanza kutaka picha ifanane na kitu chenyewe, na huona wazi kwamba ya kwao haifanani. Wengi huacha kuchora wakati huo hata pasipo na mkasa wowote nyumbani. Kumjibu "mbona unajua sana!" hakusaidii, kwa sababu yeye anaona kwa macho yake.

Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alikuwa na mchezo aliocheza na watoto waliokuja kwake wakiwa wagumu kuzungumza. Anachora mstari wowote ovyo, mtoto anaugeuza kuwa kitu: ndege, kiatu, jitu. Kisha mtoto anachora mstari wake, na daktari anaugeuza. Zamu kwa zamu. Hakuna anayehitaji kujua kuchora, na hakuna anayejua kitakachotokea. Ninaupenda sana mchezo huu kwa ajili yenu kwa sababu unakuondoa wewe kwenye kiti cha mtahini. Unachora naye, unakosea naye, na yeye anapata nafasi ya kucheka mstari wako.

Lakini kama angekuwa mwanangu, karatasi na rangi ningeziacha kabisa kwa majuma kadhaa. Kuchora kumeshapata doa. Ningeleta maboksi. Mlihama majuzi, bila shaka yapo. Boksi, gundi, mkasi, kamba, vifuniko vya chupa, na meza au kona ya sakafu ambapo kazi inaweza kulala bila kubomolewa hadi kesho yake. Hilo la kulala ni muhimu kuliko vifaa vyenyewe. Mtoto aliyehamishwa huku na huku anapata kitu kimoja ambacho akirudi kutoka shule atakikuta pale alipokiacha. Ajenge anachotaka: gari, ngome, mashine isiyo na kazi. Usimshauri ajenge nyumba yenu ya zamani. Akiijenga kwa hiari yake, msaidie kushika gundi ikauke, usitoe pumzi ndefu ya huruma juu ya kichwa chake. Katika kazi ya namna hii yeye ndiye anayeamua ukuta ukae wapi, na mwaka huu hajaamua mengi.

Udongo wa kufinyangia nao ni mzuri kwa mtoto anayekaza meno na kutafuna kucha. Unapondwa, unakandwa, unapigwa juu ya meza, na hakuna anayeambiwa apunguze nguvu. Mdundo vilevile: ndoo iliyopinduliwa, vijiti viwili, wewe unapiga mpigo rahisi, yeye anauiga kisha anaongeza wake. Kama mna soksi kuukuu, tengenezeni vikaragosi na mumwachie mdogo wake aongoze. Kikaragosi kinaweza kusema "mimi siipendi shule ile" bila mtoto kusema. Usikijibu kwa kumtazama mtoto. Zungumza na kikaragosi.

Wakati mzuri ni ile saa ya kwanza baada ya kutoka shule, akishakula na kupumua kidogo. Asubuhi ya haraka haifai, na ngoma usiku itamnyima usingizi. Dakika ishirini zinatosha. Akichoka baada ya tano, zimetosha. Ukikaa naye, uwe na kazi yako ya mikono, si simu. Ukitaka kusema kitu kuhusu anachofanya, sema unachokiona: "Umebandika tabaka tatu hapa," "Mnara huu unasimama bila msaada." Maneno hayo yanamwonyesha kwamba umetazama. "Nzuri sana" huishia hewani, na "hii ina maana gani?" kwa sasa litoe kabisa mdomoni mwako.

Yapo mambo ambayo boksi na udongo haviyawezi, na ningekuwa nakudanganya nikikaa kimya. La kwanza ni shule. Nenda ukazungumze na mwalimu wake wa darasa bila mtoto kuwepo, uulize anakaa na nani wakati wa mapumziko, nani anamchokoza, anashindwa wapi. Maumivu ya tumbo yanayokuja siku za shule tu yanataka jibu la shuleni. La pili, kukojoa kitandani kusiwe habari ya mezani: shuka ibadilishwe kimya kimya, mdogo wake asifanye mzaha, na wala usimwadhibu. Likiendelea, mrudishe kwa daktari umweleze kwamba alikuwa ameshaacha. La tatu, akisema anataka kufa au anatamani asingekuwepo, akijiumiza, akikataa shule au chakula kabisa, au akionyesha kwa mchezo, kwa mchoro au kwa maneno kwamba kuna mtu anamdhuru, mwamini, usimhoji kama mahakamani, na umfikishe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Dalili hizi alizonazo sasa zikiendelea kwa wiki kadhaa bila kupungua, omba daktari akuelekeze kwa mshauri nasaha wa watoto. Usisubiri mpaka muhula uishe.

Umeniuliza kama baba yake ana hoja. Anayo nusu. Mtoto aliyeachwa nyuma darasani hubeba woga kila asubuhi, na kumsaidia hesabu au kusoma ni sehemu ya kumpunguzia msongo. Mpangieni muda mfupi wa masomo kila siku, wenye mwisho unaojulikana. Nusu ya pili siikubali. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika ibara yake ya 31, unataja mapumziko, mchezo na sanaa kuwa haki ya mtoto. Haukusema haki hiyo inaanza akishafaulu. Mtoto aliyejaa hofu hata akikaa kwenye kitabu saa mbili, kinachoingia ni kidogo.

Na nadhani baba huyu naye ameumia. Mzazi aliyepoteza kazi huona kila dakika isiyo na faida kama hatari mpya. Zungumza naye watoto wakishalala, na kabla ya jambo lingine kubalianeni maneno mtakayowaambia kuhusu kazi na nyumba. Katika barua yako sikuona kama kuna aliyewaeleza. Mtoto asipoelezwa hujitungia maelezo, na mara nyingi hujiweka yeye kuwa sababu. Maneno machache ya kweli yanatosha: baba amepoteza kazi, si kosa la mtu yeyote hapa nyumbani, anatafuta nyingine, tutaendelea kuishi pamoja hapa, na ukiwa na swali uliza.

Yeye ndiye awaambie, kwa sauti yake, wewe ukiwa pembeni. Kisha mwombe jambo moja tu kwa upande wa michezo: mwishoni mwa juma hili akae sakafuni na mwanawe na lile boksi kubwa zaidi, yeye akate pale penye kadibodi ngumu inayohitaji mkono wa mtu mzima, na mtoto amwambie akate wapi.